Acheni kukata soketi za redio kwenye pikapu za watu, na acheni kusingizia betri!

#1

Wakuu, uzi huu nimeufungua kwa hasira. Unamhusu kila anayeingia nyuma ya dashibodi na koleo tu, bila mita ya kupimia umeme, na kila anayeuza pikapu iliyotumika huku akijua fika kilichozungushiwa tepu chini ya usukani.

Pikapu ikishapita kwa wamiliki wawili watatu, mara nyingi injini bado nzima na chesisi nzima, ila umeme umeshaharibiwa na mikono ya watu. Redio inajizima ukiwasha indiketa. Spika ya mlango wa dereva inakata mlango ukifunguliwa. Gari likilala siku mbili, stata haizungushi. Na majibu anayopewa mwenye gari ni mawili tu: "redio imekufa" au "betri imechoka". Ananunua nyingine, inafungwa kwenye uchafu ule ule, wiki haiishi tatizo limerudi. Huu ni wizi, hata kama anayeufanya hajui.

Nianze na soketi. Waya za kiwanda hazifuati rangi za redio za kununua. Kwenye redio nyingi za kununua, njano ni moto (umeme chanya) wa kudumu unaotunza saa na stesheni, nyekundu ni moto unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi ni ethi (njia ya kurudishia umeme hasi ya betri kupitia chuma cha gari), bluu ni ya kuamsha antena, bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya. Spika ni nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi yake. Upande wa gari, rangi hizo hizo zinaweza kuwa na kazi tofauti kabisa. Anayekata soketi na kuunganisha njano kwa njano kwa kukisia hajui anachokigusa. Adapta ya soketi ipo kwa modeli nyingi mno, inachomekwa pande zote mbili bila kukata hata uzi mmoja wa shaba.

Halafu kuna hii ya kuunganisha njano na nyekundu pamoja "ili redio ipige bila ufunguo". Ukifanya hivyo redio hailali. Hata ukiizima kwa kitufe, sehemu ya ndani inabaki macho na kunyonya betri usiku kucha. Mwingine anafanya kinyume, njano anaipeleka kwenye moto wa ufunguo, kisha mwenye gari anaambiwa redio "haina memori" kwa sababu kila asubuhi stesheni zimefutika.

Hasi ya spika kuipeleka kwenye bodi ndilo kosa linaloua redio nyingi. Redio za sasa zinaendesha spika kwa waya zote mbili. Redio ikiwa imewashwa, chukua mita upime kila waya wa spika dhidi ya ethi: utakuta takriban nusu ya volti ya betri kwenye chanya na kwenye hasi pia. Ukiishikisha hasi hiyo kwenye bodi umeipiga shoti amplifaya ya ndani. Kuna pikapu za zamani ambazo kiwanda chenyewe kilitumia ethi ya pamoja kwa spika. Hizo lazima uvute waya mpya mbili kwa kila spika, hakuna mkato. Na msiunganishe spika mbili za omu 4 sambamba kwenye njia moja, inakuwa omu 2 na redio nyingi zinapata joto na kujikata. Yale maandishi ya "50W x 4" usoni ni kilele tu. Nguvu halisi ya mfululizo kwa redio ya kawaida ni wati kama 15 hadi 22 kwa njia.

Fyuzi! Hapa ndipo magari yanapoungua. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Ukitoa ya ampea 10 (nyekundu) ukaweka ya 30 (kijani) kwa sababu "inakatika katika", umeruhusu waya mwembamba upitishe mkondo mara tatu ya uliokusudiwa, na sasa utakaokatika kwanza ni waya wenyewe, ndani ya fungu, karibu na zulia na povu la dashibodi. Fyuzi ikikatika mara mbili, kuna shoti. Kaitafute. Anayefunga karatasi ya sigara au kipande cha waya badala ya fyuzi asiguse gari la mtu tena.

Maungio nayo. Kusokota na kuzungusha tepu ndani ya gari ni kazi ya siku chache. Joto la dashibodi linayeyusha gundi, tepu inafunguka, mtikisiko unamaliza. Bana kwa kiunganishi cha shaba na koleo yake, vuta uone kama umeshika, kisha funika kwa mrija wa plastiki unaojibana ukipigwa joto. Ukichomea lehemu, funga waya imara karibu na kiungo, maana lehemu inaufanya uwe mgumu na unakatika pale ugumu unapoishia.

Sasa hiyo "betri imechoka". Pima kwanza, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa: volti 12.6 na kuendelea imejaa, 12.2 iko kama nusu, 12.0 kushuka imekaribia kuisha. Washa injini: 13.8 hadi 14.5 ni sawa kwa pikapu nyingi. Ikibaki chini ya 13.5 hata ukiipandisha mizunguko kidogo, angalia mkanda, terminali na altaneta. Ikivuka 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za altaneta) imekufa na itaua redio, taa na betri kwa pamoja. Vipimo hivi havichukui dakika tano. Kwa nini hamvifanyi?

Kama betri na chaji viko sawa lakini gari likilala betri inaisha, kuna mnyonyo. Toa ufunguo, zima kila kitu, bonyeza kitasa cha mlango kwa bisibisi gari lidhani mlango umefungwa. Weka mita kwenye ampea 10, waya mwekundu kwenye tundu la 10A, uiunge kati ya nguzo hasi ya betri na klipu yake. Usiwashe stata wala taa mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika. Subiri dakika 20 hadi 30, maana gari lenye kompyuta nyingi halilali papo hapo. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ukiona 0.5, hiyo ni Ah (ampea-saa) 12 kwa siku. Betri ya Ah 60 inafika nusu ndani ya siku mbili na nusu, halafu anayelaumiwa ni betri! Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Isiposhuka kwa fyuzi yoyote, angalia vitu vilivyoungwa moja kwa moja kwenye betri: amplifaya, kengele ya wizi, na diodi za altaneta. Kwa altaneta, toa klipu hasi kwanza ndipo ufungue ule waya mnene, kisha urudie kipimo.

#2

Mkuu umesema kweli tupu. Naongeza ethi, kwa sababu pikapu ina tatizo lake la pekee. Bodi la nyuma limekaa juu ya chesisi kwa boliti zilizopakwa rangi na mara nyingine mipira, kwa hiyo taa za nyuma zinategemea waya wake wa ethi. Waya huo ukishika kutu, unakanyaga breki indiketa zinawaka hafifu, au unawasha indiketa na taa ndogo zinacheza pamoja nayo. Mkondo unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine. Watu wanabadilisha balbu, soketi, hadi swichi ya breki! Washa taa, pima volti kati ya ethi ya taa na nguzo hasi ya betri. Ikizidi 0.2, safisha kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza boliti, paka grisi juu. Plagi ya trela nayo ifunguliwe, ndani huwa kijani kitupu.

Kwa redio kuna kipimo rahisi sana. Chomoa plagi ya antena wakati inapiga. Ikizimika au ikianza kukatakata, redio haina ethi yake, ilikuwa inarudishia mkondo kwenye ganda la waya wa antena.

Na ule waya mnene wa kutoka injini kwenda kwenye chesisi ukitolewa wakati wa kushusha injini, urudishwe jamani. Usiporudishwa, mkondo wa stata unapita kwenye kebo za eksileta na gia mpaka zinapata moto.

#3

Wakuu naomba msaada hapo hapo. Mlio wa "wiii" unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, umeanza baada ya kufungwa amplifaya nyuma ya siti. Fundi anasema nibadilishe altaneta.

#4

Mkuu usinunue altaneta kwanza. Weka mita kwenye volti za AC, pima kwenye betri injini ikiwa inawaka na taa zikiwa zimewashwa. Ikisoma zaidi ya 0.5, diodi ndiyo mbaya na fundi wako yuko sahihi. Ikiwa chini ya 0.1, altaneta haina hatia.

Baada ya hapo zima, chomoa nyaya za RCA (zinazoleta sauti kutoka redio) kwenye amplifaya, washa tena. Mlio ukibaki, tatizo ni moto au ethi ya amplifaya: waya wa ethi uwe mfupi, chini ya nusu mita, unene sawa na wa moto, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Usitumie boliti ya mkanda wa usalama. Mlio ukiisha, unaingia kupitia RCA au redio. Angalia kama RCA zimepita sambamba na waya wa moto, ziwekwe upande mwingine wa gari. Halafu gusisha kipande cha waya kutoka ganda la nje la RCA nyuma ya redio hadi kwenye bodi ya redio. Mlio ukitoweka, ethi ya RCA ndani ya redio imeungua. Kwa baadhi ya redio hilo hutokea mtu akichomeka RCA umeme ukiwa haujatolewa.

Na kama waya wa moto hauna fyuzi karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, usiendeshe gari hilo mpaka iwekwe. Waya ule unapita kwenye tundu la chuma, ukikwanguka hakuna cha kuuzuia.

#5

Mnalaumu sana mafundi. Kuna pikapu zinakuja soketi ilishakatwa huko zilikotoka, adapta utachomeka wapi?

#1

Mkuu, soketi ya gari inapatikana kwa wanaouza gari za kukata, pamoja na kipande cha waya wake. Ikikosekana, hutakisia. Waya unaobaki na volti 12 ufunguo ukiwa umetolewa ndio njano yako. Unaokuja na kuondoka na ufunguo ni nyekundu. Unaopata moto ukiwasha taa ndogo ni wa mwanga wa redio. Ethi usiitafute kwa testa ya taa, vuta waya mpya hadi kwenye chuma. Spika zipapase kwa betri ndogo ya volti 1.5: itakohoa, na koni ikisukumwa nje, waya ulioko kwenye chanya ya betri ndio chanya. Usiguse kabisa waya wenye koti au plagi ya manjano chini ya usukani, hiyo mara nyingi ni ya eabegi.

Spika ikikohoa mlango ukifunguliwa kidogo na kunyamaza ukifunguliwa wote, acha redio, vua ule mpira kati ya mlango na nguzo. Waya zimekatika humo ndani.

Na kwa pikapu iliyotengenezewa soko la Japani, redio ya awali kukosa stesheni za juu si uharibifu. Masafa ya kule yanaanzia 76 MHz, na redio nyingi za zamani zinaishia 90. Anayekuambia antena imekufa hajasoma hata namba zilizo kwenye kioo cha redio.