Mjadala: Trela ya picha ya mapenzi itupe kisa, au itunyime?

Mtoa mada (Malindi)
Jamani, tubishane kwa hoja. Kila ikitoka trela ya picha ya mapenzi, kile kipande kifupi cha kuitangaza filamu, utasikia watu, "Wametumalizia utamu!" Mimi wananiudhi wale wengine, wanaoniwekea nyuso nzuri na jua linalozama dakika mbili nzima, nisijue hao wawili wanazuiliwa na nini.

Kazi yangu ni kuhariri video za arusi, kwa hiyo trela naziangalia kifundi. Nyingi zina mshono mmoja. Unaanza na maisha ya mmoja wao kabla ya mapenzi: kazini kwake, shoga mcheshi, mama anayeuliza ataolewa lini. Wanakutana, aghalabu kwa ugomvi, na wimbo unaanza. Wimbo ukishika kasi vipande vinafupika: pikipiki, mvua, kicheko, mikono. Halafu kimya cha ghafla. Simu inapokewa, au baba anasema neno moja, au mchumba wa zamani kasimama mlangoni. Hapo ndipo kisa kilipo! Kisha wimbo unarudi kwa nguvu, mtu anakimbia, jina la picha linatokea, na mwisho kabisa kichekesho cha sekunde chache ili usiondoke na huzuni.

Sikilizeni sauti pia. Mtu anasema "sijampenda mwingine" juu ya picha ya arusi, kumbe kwenye filamu maneno hayo kayasema hospitalini. Mhariri kaunga. Hana budi, maana muda wenyewe ni haba: mwaka 2014 chama cha wenye majumba ya sinema Marekani kilitaka trela zisizidi dakika 2, badala ya 2 na nusu zilizozoeleka.

Basi kizuizi kionyeshwe au kifichwe? Mimi nasema kionyeshwe waziwazi. Tufichiwe watakavyokivuka.

Mchangiaji wa Langoni, Lamu
Dada, hapo sikubali. Picha za Kihindi tumezitazama tangu utotoni. Stelingi hafi, na mwisho wanaoana. Raha iliyobaki ni kutojua balaa litatokea wapi. Ukishanionyesha baba mtu kakunja uso, mengine namalizia mwenyewe na bando langu nalitunza.

Mchangiaji wa Barani, Malindi
Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wa 2011. Watu walipewa hadithi fupi wasome, na walioambiwa mwisho mapema walizifurahia zaidi ya wasioambiwa. Kwa hiyo utamu haumaliziki kirahisi hivyo.

Mchangiaji wa Langoni, Lamu
Hao walikuwa wameshakaa kitako kusoma, tena zilikuwamo hadithi za upelelezi na za mwisho wa kushtukiza. Mimi trela inanikuta bado naamua kama nitoe pesa. Si hali moja.

Bibi wa Shela, Lamu
Wanangu, nyinyi mwashindana juu ya mwisho, mie nina neno na huko katikati. Filamu yenyewe huwekewa umri na bodi ya serikali, na mtu huichagua akijua. Trela haibishi hodi. Uko na wajukuu mwatazama mengine kwenye simu, mara hiyo imeingia na mambo yake ya mvuani. Mkitengeneza zenu, huyo baba na neno lake muwache. Ya mvuani yakateni.

Mtoa mada (Malindi)
Shikamoo bibi, nimekusikia.

Ndugu wa Langoni, nikupe mfano. Kuna vijana wa hapa wamepiga filamu fupi kwa simu, wakaniletea niwakatie trela. Kisa ni kizuri: kijana kaposa, nyumbani kwao wanataka aende kwanza Uarabuni kufanya kazi, na msichana hajaambiwa. Wao walitaka trela iwe mashua, ufuo na wimbo basi. Nikawauliza, trela kama hiyo ina tofauti gani na tangazo la hoteli? Mimi ningeweka pale msichana anakunja kanzu ya mchumba wake, karatasi ya kazi inadondoka mfukoni, wimbo unakatika. Wewe ungefungua ipi?

Mchangiaji wa Langoni, Lamu
Ya karatasi, siwezi kusema uongo. Lakini ikishadondoka kata hapo hapo, hata asiisome. Ukinionyesha na kijana yuko uwanja wa ndege na begi lake, sifungui.