Anchorage hadi Denali kwa siku mbili: watoto wa mbwa wa sleji, mlima na barabara

Kisima_Baridi

Habari zenu wadau. Wikiendi ya pili ya Julai tunataka kutoka Anchorage, Alaska, kwenda kuona mabanda ya mbwa wa sleji (gari la kuteleza kwenye theluji linalovutwa na mbwa) kwenye hifadhi ya Denali, hasa watoto wa mbwa, na njiani tupate mandhari: mlima, tundra (nyika baridi isiyo na miti), na wanyama bahati ikiwepo. Watu wazima wawili, watoto wawili (miaka 4 na 9). Gari ni sedani ya kukodi. Tuna Jumamosi nzima, na Jumapili tuwe tumerudi kabla ya usiku.

Naomba mnisaidie: sedani itaweza? Mafuta nijaze wapi? Mabanda yanafunguliwa saa ngapi, na ni lazima kuweka nafasi? Na je, mtoto anaruhusiwa kumshika mtoto wa mbwa?

Dereva_wa_Parks

Sedani inatosha. Ni lami tupu kutoka mlangoni kwako hadi daraja la Savage ndani ya hifadhi. Unatoka mjini kwa Glenn Highway kama maili 35, halafu unashika Parks Highway, namba 3, na huiachi tena mpaka ufike. (Jina hilo halitokani na hifadhi. Parks alikuwa gavana wa Alaska kabla haijawa jimbo kamili.)

Vibao vya maili vya Parks vinahesabu tangu Anchorage, kwa hiyo ukivifuata huhitaji mtandao: Wasilla 42, njia panda ya Talkeetna 99, Trapper Creek 115, kituo cha kutazamia mlima upande wa kusini 135, daraja la Hurricane Gulch 174, Cantwell 210, lango la hifadhi 237. Bila kusimama ni saa nne na nusu. Kwa mtoto wa miaka 4, weka sita.

Ukiandika "Denali" peke yake kwenye simu, unaweza kupelekwa Denali State Park, ambayo ni hifadhi nyingine ya jimbo, maili mia moja kabla ya unakokwenda, au Denali Highway, barabara ya changarawe inayoanzia Cantwell kuelekea mashariki. Andika "Denali Visitor Center". Na pakua ramani ukiwa bado Wasilla, maana kati ya Trapper Creek na Cantwell mtandao unakuja na kuondoka.

Mafuta: kwenda na kurudi, pamoja na kuchepuka Talkeetna (maili 14 kila upande) na maili 15 za ndani ya hifadhi, ni kama maili 530. Sedani ya maili 28 kwa galoni itakunywa galoni 19. Jaza Wasilla, ongeza Trapper Creek hata kama geji inasoma nusu, kwa sababu kutoka pale hadi Cantwell ni maili 95 ambazo hupaswi kutegemea sheli yoyote. Kurudi, jaza Healy (mji ulio mbele kidogo ya lango) au Cantwell.

Kinachoharibu magari madogo kwenye njia hii ni mawimbi ya lami. Maji ya ardhini yanaganda wakati wa baridi na kuinua barabara, yakiyeyuka inabonyea, na hakuna mkandarasi anayeshinda vita hiyo. Ukiwa na kasi ya maili 65 na buti limejaa, sedani inagonga tumbo. Usisubiri kibao. Tazama mstari wa katikati mbele yako: ukiona unapinda kama nyoka mahali ambapo barabara imenyooka, shuka hadi 45 au 50 kabla hujafika. Usifunge breki ukiwa juu ya wimbi lenyewe, pua ya gari inazama.

Mambo mengine ya barabarani: taa za mbele ziwake hata mchana. Magari matano yakijipanga nyuma yako, sheria ya Alaska inakutaka uwapishe, na sehemu za kupishia zipo. Julai ndiyo msimu wa ukarabati, kwa hiyo tenga dakika 30 hadi 40 za kusimamishwa. Hakikisha tairi ya akiba ipo kweli. Kampuni nyingi za kukodisha siku hizi zinaweka pampu na gundi tu, na gundi haizibi tairi iliyochanika ubavuni.

Kuhusu mlima wenyewe, Denali, usimwahidi mtoto. Una mita 6,190, mita 295 zaidi ya Kilimanjaro, na unajitengenezea mawingu yake. Wageni wanaouona ni kama theluthi moja. Nafasi nzuri ni alfajiri au jioni sana. Maili 135 ukiukuta wazi, simama hapohapo upige picha, usiseme utapiga wakati wa kurudi. Ramani za serikali tangu Januari 2025 zinauandika Mount McKinley. Ni uleule, na hifadhi imebaki Denali.

Mkufunzi_Mkia

Nijibu ya mbwa.

Mabanda yapo maili 3.4 ndani ya barabara ya hifadhi, na hakuna maegesho ya wageni pale. Unaacha gari kituo cha wageni, unapanda basi la bure linaloondoka dakika 40 kabla ya onyesho. Hakuna kuweka nafasi na onyesho halilipiwi. Unalipa kiingilio cha hifadhi tu, dola 15 kwa mtu wa miaka 16 na kuendelea. Watoto wako bure.

Kiangazi kwa kawaida kuna maonyesho matatu kwa siku: 10:00, 2:00 na 4:00 kwa saa za huko. Yaani saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi jioni. Nasisitiza kwa sababu mmoja akisoma "10" kwenye tovuti na mwenzake akasikia "saa kumi", basi limeshawaacha. Basi la onyesho la asubuhi linaondoka saa tatu na dakika ishirini. Hakiki ratiba ya mwaka huu kwenye tovuti ya hifadhi usiku mmoja kabla.

Ukishuka, una muda wa kuzunguka kwa mbwa kabla onyesho halijaanza, nalo ni la nusu saa. Jumla tenga saa moja na nusu hadi mbili.

Watoto wa mbwa huwa wanazaliwa mwanzo wa kiangazi, ila si kila mwaka kwa idadi ileile wala tarehe ileile. Hifadhi huweka kamera ya moja kwa moja mtandaoni wakati watoto wapo. Ifungue kabla ya safari ujue unakwenda kuona nini. Macho yanafunguka siku ya 10 hadi 14, wiki ya tatu wanaanza kutembea kwa kuyumba, wiki ya tano ndipo vurugu inaanza. Usishangae ukifika ukakuta rundo la manyoya limelala na hakuna anayeamka. Wakishakula wanalala.

Kuwashika: pale hifadhini usitegemee. Sababu ni parvo, kirusi hatari kwa watoto wa mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa wiki ya 6 hadi 8, kisha inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Katikati hapo kinga ya maziwa ya mama inapungua kabla ya ile ya chanjo kukamilika. Kirusi hicho kinakaa kwenye udongo miezi mingi na kinasafiri kwa soli ya kiatu. Kama mna mbwa nyumbani au mmepita kwenye bustani ya mbwa mjini, vaeni viatu vingine siku hiyo. Wa kwenu msije naye. Mbwa wa wageni haruhusiwi mabandani.

Mbwa wakubwa ndio wa kukaa nao. Wengi wanapenda kuguswa, lakini muulize mhifadhi kwanza, umwendee mbwa kwa mbele, mkono chini ya kidevu, si juu ya kichwa. Aliyeingia kibandani kwake amesema hapana. Kiangazi wanabadilisha manyoya, nguo nyeusi iacheni nyumbani.

Mkiwatazama mtaona si wale wa macho ya bluu wa kwenye matangazo. Hawa ni haski wa Alaska wa kubeba mizigo: miguu mirefu ya kupasua theluji laini, vidole vilivyobanana ili barafu isigande katikati, na mkia mnene wa kufunika pua wakilala nje. Kazi yao ni ya kweli. Wamekuwa hapo tangu 1922, enzi za kuwafukuza majangili, na leo wanabeba vifaa majira ya baridi kwenye ekari milioni 2 za pori la ndani ambako vyombo vya injini vinazuiwa. Wakifika miaka 9 hivi wanastaafu na kupewa familia.

Kwenye onyesho, mhifadhi anapotoka na mikanda mkononi, mbwa wote wanalipuka: wanaruka juu ya mapaa ya vibanda, wanalia, kila mmoja anataka achaguliwe yeye. Kelele ile inamtisha mtoto wa miaka 4 kama hajaandaliwa, kwa hiyo mwambieni mapema na msimame upande wa nyuma. Angalieni namna mbwa anavyoletwa: mhifadhi anamshika ukosi na kumnyanyua atembee kwa miguu ya nyuma tu. Si ukatili, akiwa na miguu minne chini anamburuza mtu mzima. Wanafungwa kwenye sleji yenye magurudumu, wanapiga mzunguko mmoja wa changarawe, kwisha.

Kisima_Baridi

Asanteni sana, hiyo ya saa nne na saa kumi ingetukuta. Sasa huyu wa miaka 4 ameshaahidiwa kumbeba mtoto wa mbwa (kosa langu). Kuna pa kwenda? Na onyesho bora ni Jumamosi jioni au Jumapili asubuhi?

Mkufunzi_Mkia

Kwa kubeba, nenda banda la binafsi. Karibu na lango la hifadhi kuna Husky Homestead ya Jeff King, bingwa mara nne wa Iditarod, mashindano makubwa ya sleji za mbwa ya Alaska (1993, 1996, 1998, 2006). Wageni pale hupewa watoto wa mbwa mikononi, kwa makusudi, maana mbwa wa mashindano anatakiwa azoee mikono ya watu asiowajua. Ni ya kulipia na Julai inajaa, weka nafasi wiki kadhaa kabla.

Mtoto akae chini kabisa, si kusimama. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Meno ya umri huo ni sindano, na vidole vya mtoto mwenzake ndiyo mchezo. Na hili watu husahau: dawa ya mbu yenye DEET ni sumu kwa mbwa, na mtoto wa mbwa analamba kila kitu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, upake dawa kwenye nguo badala ya viganja.

Mabanda ya hifadhi: Jumapili saa nne asubuhi. Ubaridi wa asubuhi unawachangamsha. Haski akifika nyuzi 18 au 20 za Selsiasi anajilaza kivulini, hata umwite vipi.

Bibi_Tundra

Hapo kwenye Jumapili sikubaliani na Mkufunzi. Jambo la msingi la safari usiliweke siku ya mwisho. Ukarabati mmoja, tairi moja au mtoto mmoja mwenye homa, na mbwa hamkuwaona. Tokeni Anchorage saa moja kamili asubuhi, mtafika saa saba au saa nane kasoro na vituo vyenu vyote, mle, muwahi basi la saa tisa na dakika ishirini kwa onyesho la saa kumi jioni. Mbwa wakiwa wavivu kwa joto, bado mna Jumapili asubuhi kama akiba, na ni bure. Talkeetna iwe ya kurudi. Mkichepuka asubuhi mtapoteza saa moja na nusu bila kujua.

Jioni ya Jumamosi endesheni hadi Savage, maili 15, mwisho wa magari binafsi kiangazi. Kuanzia maili ya 9 hivi mlima unaweza kujitokeza. Kuna njia ya mguu ya kama maili 2 kando ya mto, tambarare, mtoto wa miaka 4 anaimaliza kwa biskuti. Jua linazama karibu saa sita usiku, kwa hiyo nendeni baada ya chakula, magari yakiwa yamepungua. Mchana maegesho yakijaa kuna basi la bure. Mabasi ya kulipia yanaendelea mbele hadi maili 43 tu tangu maporomoko ya Pretty Rocks ya Agosti 2021. Kwa siku mbili na mtoto huyo, yaacheni.

Wanyama: dubu mita 275, wengine wote mita 23 angalau. Karibuu, kulungu wa kaskazini (si karibu ya hodi, msimkaribie), hana shida. Wa kuogopa ni musi, yule mkubwa kama ng'ombe mwenye miguu ya ngamia, hasa akiwa na ndama. Masikio yakilala nyuma na nywele za shingo zikisimama, kimbieni mjifiche nyuma ya mti. Dubu ni kinyume: msikimbie, simameni pamoja, ongeeni kwa sauti tulivu, rudini kinyumenyume. Mweleze wa miaka 9 tofauti hiyo mkiwa bado garini.

Kulala: vyumba vya jirani na lango ni ghali, Healy iko maili 11 mbele na bei inashuka. Bebeni kitambaa cheusi cha dirisha, la sivyo watoto hawalali. Usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 5 hata Julai, na mvua ni ya kawaida, kwa hiyo koti la mvua juu, sweta ndani, na jozi mbili za soksi kwa kila mtoto. Neti za kichwa za mbu nunueni Anchorage.

Kisima_Baridi

Nimemuelewa Bibi. Jumamosi saa kumi jioni, Jumapili asubuhi akiba, banda la binafsi nimepata nafasi Jumapili saa saba mchana. Tukitoka pale saa tisa, Talkeetna tunaipita tu?

Dereva_wa_Parks

Ipite. Ukitoka saa tisa uko nyumbani saa tatu usiku, jua bado juu. Ila simama tena maili 135. Mawingu huwa yanafunguka jioni, na safari hii mlima unautafuta upande wako wa kulia.