Nimelipia kioo cha AMOLED nimewekewa LCD, mafundi mnatuonaje?

Wakuu nina hasira hapa hata kuandika shida. Wiki iliyopita simu ilinidondoka nashuka kwenye daladala, kioo kikapasuka, nikaenda kwa fundi mmoja Kariakoo akaniambia original kipo, AMOLED kabisa, laki na themanini, nikalipa bila kubishana sana sababu biashara yangu yote iko WhatsApp. Kinawaka vizuri tu, sasa pale na jua lile la saa nane utajuaje?

Ngoma usiku. Nazima taa ya chumbani, nafungua picha nyeusi tupu, kioo kinawaka kijivu, kona ya chini mwanga unavuja kama mlango wa jirani mwenye umeme. AMOLED kila nukta inajiwashia yenyewe, penye weusi inazima, giza totoro. LCD haijiwashi, inategemea vitaa vya LED vilivyopangwa ukingoni na shiti ya nyuma inayosambaza mwanga muda wote, ndo maana nyeusi yake haiwi nyeusi hata ufanyeje.

Na alama ya kidole ndo imekufa kabisa! Sensa yake iko chini ya kioo, inakiona kidole kwa mwanga wa kioo hichohicho, sasa ukishaiziba na shiti ya taa itaona nini? Nampigia fundi ananiambia eti "hiyo programu tu bosi, apdeti". Niapdeti shiti?? Halafu kioo kimenyanyuka juu ya fremu, nikipitisha kucha inakwama.

Bado flashi. Alivyofungua mfuniko wa nyuma hakurudisha kile kiraba cheusi kinachotenga taa na lenzi, mwanga unapenya pembeni unaingia kwenye kamera, picha za usiku zote ukungu. Juzi dogo anakata keki ya bethdei, nimepiga picha kumi na zote katoka kama mzimu. Jibu la fundi: "zima flashi bosi". Gizani!

Ila kinachoniuma zaidi ni hiki. Kioo changu cha zamani kilipasuka juu tu, picha ilikuwa inaonekana safi na tachi inafanya kazi, na vioo vya hivyo vinanunuliwa vikabandikwe glasi mpya. Nilipokiulizia akasema ametupa. Ametupa wapi, dukani kwa nani?