Mjadala: Je, hesabu za Oscar Charleston zina haki ya kukaa ukurasa mmoja na za Ty Cobb?

MwanaIndiana aliandika:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Tangu mwishoni mwa Mei 2024, ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilipoingiza rasmi katika vitabu vyake takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 wa ligi za watu weusi za miaka ya 1920 hadi 1948, nimekuwa nikibishana na wenzangu kazini kuhusu mtu mmoja tu, naye ni Oscar Charleston. Alizaliwa hapa Indianapolis tarehe 14 Oktoba 1896, akawa mlinzi wa nje wa kati ambaye waliomwona hawakumsahau, na hakuruhusiwa hata siku moja kucheza katika ligi za akina Babe Ruth, kwa sababu ya rangi yake peke yake. Leo jina lake ni la tatu katika orodha ya wastani wa kupiga wa maisha yote: Josh Gibson, naye wa ligi za weusi, 0.372, Ty Cobb, nyota mzungu wa ligi kuu, 0.367, Charleston 0.363. Maana yake ni kwamba katika kila zamu 1,000 za kupiga, aliugonga mpira na kufika salama kituoni, yaani kwenye alama anayoikimbilia mpigaji, mara 363. Mimi nasema haki imetendeka, ingawa imechelewa. Wenzangu wanasema hesabu za ligi mbili ambazo hazikukutana hazipangwi pamoja. Naomba maoni yenu, mkikumbuka kwamba huyu ndiye aliyeitwa Ty Cobb mweusi, kwa hiyo kumlinganisha na Cobb hakukuanza leo.

Bi_Hesabu aliandika:

Ahsante kwa kuleta mada hii. Sina shaka kwamba Charleston alikuwa mchezaji mkubwa, na sina shaka kwamba alidhulumiwa. Shaka yangu ni juu ya hesabu. Cobb alicheza mechi zaidi ya 3,000 katika ligi kuu. Mechi za Charleston zilizoingizwa kitabuni hazifiki hata nusu ya hizo, kwa sababu msimu wa ligi ya weusi ulikuwa na mechi sitini au zaidi kidogo, na siku nyingine zote timu zilizunguka vijijini zikicheza mechi za kirafiki ambazo hazihesabiwi. Mwenyekiti wa kamati iliyofanya kazi hii, mwanahistoria John Thorn, mwenyewe alisema kwamba kumbukumbu zilizopatikana ni kama robo tatu ya zote. Mtu akinipa daftari la duka lenye robo tatu ya mauzo, nitamshukuru kwa kulitunza, lakini sitamwandikia faida ya mwaka mpaka senti ya mwisho. Wapewe ukurasa wao, wenye heshima kamili, ila usiwe ule ule.

KochaTemeke aliandika:

Dada Bi_Hesabu, nakuheshimu, lakini neno hili la mechi sitini linanichoma. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, ligi kuu yenyewe ilipanga mechi 60 tu kwa kila timu, bingwa akapatikana, takwimu zikaandikwa, na hakuna aliyetaka ziwekwe katika daftari la pembeni. Sitini za mwaka 2020 ni halali, ila sitini za Charleston ni za kutiliwa shaka? Tena ufupi ule wa 2020 uliletwa na maradhi, na ufupi wa misimu ya Charleston uliletwa na watu waliomfungia mlango.

Mimi nilijifunza mchezo huu Dar es Salaam kutoka kwa walimu wa Kijapani, na sasa nawafundisha vijana, kwa hiyo naomba niseme jambo ambalo wastani wa kupiga haulionyeshi kabisa. Walinzi wa nje ni watatu, kushoto, kati na kulia, na yule wa kati hufundishwa kusimama mbali, kwa sababu mpira ukimpita juu ya kichwa unakwenda mpaka ukutani na mpinzani anazunguka vituo apendavyo. Charleston alisimama mbele, karibu na mgongo wa kituo cha pili, mahali ambapo vijana wangu nikiwaweka wanatetemeka. Mipira mifupi, ambayo kwa mlinzi mwingine huanguka kwenye majani na kuhesabiwa kwa mpigaji, aliidaka mkononi. Na mpira ukipigwa mrefu, alikuwa amekwisha kugeuza mgongo kwa mlio wa gongo tu, akikimbia bila kuutazama, akageuka mwishoni glovu ikiwa wazi. Nimejaribu kuwafundisha watoto jambo hilo mara nyingi. Ni mmoja tu aliyeliweza, naye aliliweza siku mbili katika wiki.

BintiMvita aliandika:

Naomba radhi kwa Bi_Hesabu na kwa Kocha, kwa sababu hoja zenu ni nzito, lakini mimi sikuweza kuvuka sentensi ya mwisho ya aliyefungua uzi huu. Ty Cobb mweusi. Mtu amecheza tangu 1915, ameongoza timu, ameingia Jumba la Mashuhuri wa besiboli la Cooperstown mwaka 1976, miaka 22 baada ya kufa kwake, na bado tunamtambulisha kwa jina la mtu mwingine lililopakwa rangi? Hata siku moja hamjasikia Cobb akiitwa Charleston mweupe. Charleston alikuwa na jina lake la sifa ambalo watu wa enzi yake walimpa, Kimondo cha Indiana, na wewe unayeishi Indiana ndiye uliyepaswa kulijua kuliko sisi sote.

MwanaIndiana aliandika:

Dada yangu BintiMvita, nimeumia kwa jinsi ulivyonisoma. Sikulitunga mimi jina lile. Lilitumika enzi zake, na watu weusi wenyewe walilitumia, kwa maana ya kumpandisha. Cobb ndiye aliyekuwa kipimo cha ubora katika Marekani nzima, mbio zake, ujanja wake, ukali wake wa kushambulia vituo. Waliposema Ty Cobb mweusi walimaanisha kwamba na sisi tunaye. Mtu anayemsifu baba yake kwa maneno yaliyokuwepo wakati huo hawezi kulaumiwa kwa kukosa maneno ya leo.

BintiMvita aliandika:

Wao walikuwa wamenyimwa kipimo kingine. Wewe hukunyimwa.

Msomaji_Bukavu aliandika:

Jambo bakubwa. Naona mnagombana juu ya jina bila kusema sababu yake. Charleston alilinganishwa na Cobb si kwa gongo tu, bali kwa hasira pia. Alikuwa mtu wa ngumi. Nimesoma kwamba alimpiga mwamuzi katikati ya mechi akawekwa ndani, wakati alipokuwa akicheza Pittsburgh pamoja na Josh Gibson. Mimi nasema wazi: tukidai hesabu zake zikae mezani, na tabia yake ikae mezani pia. Cobb tunamkumbusha ukorofi wake kila anapotajwa, na haki haina upande.

BintiMvita aliandika:

Ndugu yangu wa Bukavu, kabla ya kumhukumu marehemu, soma kwanza. Tukio hilo lilitokea Indianapolis, Oktoba 1915, Charleston akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 19, na Josh Gibson alikuwa mtoto wa miaka mitatu huko Georgia. Ilikuwa mechi dhidi ya timu ya wazungu. Mwenzake Bingo DeMoss aligombana na mwamuzi kituo cha pili, Charleston akaja mbio kutoka uwanja wa nje akampiga mwamuzi huyo, na DeMoss na Charleston wote wawili wakakamatwa. Kiongozi wa timu, C. I. Taylor, aliomba radhi hadharani. Sisemi kwamba alifanya vema. Nasema kwamba huyu alikuwa kijana aliyedanganya umri akajiunga na jeshi akiwa na miaka 15, akapelekwa Ufilipino na kikosi cha 24 cha askari weusi, akarudi nyumbani mwaka huo huo wa 1915 na kukuta nchi aliyoitumikia haimtaki katika viwanja vyake. Pittsburgh alifika mwaka 1930, na timu ya Homestead Grays, kisha mwaka 1932 akahamia Crawfords kuwa meneja na mchezaji.

Msomaji_Bukavu aliandika:

Nakubali kosa la mwaka na la mji, na nakushukuru kwa kulisahihisha. Sikubali neno "soma kwanza". Mimi nilisoma usiku baada ya kazi, kwa lugha ambayo ni ya nne kwangu, na kuchanganya miji miwili si kutojua kusoma. Na ngumi ilirushwa, iwe ni Pittsburgh au Indianapolis. Umri wa miaka 19 unapunguza adhabu, haufuti tendo.

BintiMvita aliandika:

Kwa neno hilo, naomba radhi kwa dhati. Nilikuwa na hasira na mwingine nikaimwagia kwako. Kuhusu tendo lenyewe, hatutakubaliana.

KochaTemeke aliandika:

Naomba mnisikilize mimi niliye mtu mzima kuliko wengi hapa. Hasira ya Charleston ipo katika masimulizi mengi ya wenzake, na baadhi yao walisimulia hata kwamba alimvua mtu wa Ku Klux Klan kofia yake usoni, hadithi ambayo mimi naichukua kama hadithi ya safarini. Lakini mtu hupimwa pia kwa wale aliowalea. Mwaka 1935 aliongoza Crawfords, timu yenye Josh Gibson, Cool Papa Bell na Judy Johnson, watu ambao kila mmoja angeweza kuwa mfalme wa timu yake. Mwaka 1937 mrushaji Satchel Paige, Gibson na Bell walipokimbilia Jamhuri ya Dominika kwa fedha za dikteta Trujillo, Charleston alibaki na timu iliyobomoka. Miaka ya arobaini alimsaidia Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn ya ligi kuu, kuwatambua wachezaji weusi waliofaa kuvunja ukuta wa ubaguzi, ukuta ambao Jackie Robinson aliuvuka mwaka 1947, Charleston akiwa na miaka 50. Mwaka wake wa mwisho duniani, 1954, alikuwa meneja wa Indianapolis Clowns, na kituo cha pili alimweka mwanamke, Connie Morgan. Wakachukua ubingwa. Oktoba ya mwaka huo huo akafariki Philadelphia. Mkorofi asiyefaa kitu hapewi timu ya namna hiyo akiwa na miaka 57.

Bi_Hesabu aliandika:

Nimesoma yote, na naona hakuna aliyerudi kwenye hoja yangu isipokuwa Kocha, ambaye alirudi kwa mfano mzuri kisha akaenda kwenye glovu. Kuhusu mwaka 2020 nakiri kwamba sina jibu la kutosha. Msimu mmoja mfupi ni msimu mfupi, awe ni nani aliyeucheza. Lakini tofauti inabaki katika maisha mazima ya mchezaji. Aliyepanda mlima wa mechi 3,000 alipiga hata alipokuwa na miaka 40 na goti bovu, na wastani wake ukashuka kwa haki.

MwanaIndiana aliandika:

Dada, Charleston naye alipiga hadi goti likachoka. Alinenepa, akahama kutoka uwanja wa nje kwenda kituo cha kwanza, na aliendelea kujiweka kwenye orodha ya wapigaji akiwa amevuka miaka 40. Na kama ni kukutana, nenda Cuba. Majira ya baridi ya 1923 hadi 1924 alikuwa na timu ya Santa Clara, akilinda uwanja wa nje pamoja na Alejandro Oms na Pablo Mesa, katika ligi ambayo mzungu na mweusi walicheza uwanja mmoja bila mbingu kuanguka. Ile Santa Clara inahesabiwa mpaka leo miongoni mwa timu bora kuwahi kucheza Cuba. Buck O'Neil, mchezaji wa zamani wa ligi za weusi aliyeishi kuyaona yote, alisema kwamba Willie Mays alikuwa bora katika ligi kuu, lakini mchezaji bora aliyepata kumwona ni Charleston. Na mtaalamu wa takwimu Bill James, mtu wa kazi kama yako, mwaka 2001 alimpanga wa nne katika historia yote, kabla kamati yoyote haijakaa.

BintiMvita aliandika:

Bi_Hesabu, mimi naishi Pittsburgh, na kwa muda wa miezi kadhaa nimekuwa nikienda maktaba siku za Jumamosi kusoma gazeti la Pittsburgh Courier katika filamu ndogo, yaani picha ndogo za kurasa za zamani, kwa hiyo nitakueleza hiyo robo tatu inaonekanaje. Kuna safu nyembamba, pana kama vidole viwili. Jina refu la Charleston limekatwa katikati ili litoshe. Mbele yake kuna tarakimu za mikimbio na za mipigo, lakini mara nyingi safu ya zamu za kupiga haipo, kwa sababu mhariri alihitaji nafasi. Bila zamu huwezi kupata wastani, kwa hiyo mechi hiyo, hata kama alipiga mara tatu, inabaki nje. Kinachokosekana hakikutupwa ili kumpendelea. Kimekosekana kwa wote, siku mbaya na siku nzuri, na watafiti wameacha nje kila wasichoweza kukithibitisha. Hilo daftari lako la duka, dada, limeandikwa na muuzaji mwaminifu kuliko unavyomdhania.

Bi_Hesabu aliandika:

Hilo la safu ya zamu sikulijua, na limenigusa, kwa sababu ndiyo namna ambavyo mimi mwenyewe ningefanya kazi hiyo. Kama kilichokosekana kimekosekana bila kuchagua siku, basi wastani uliobaki hauna upendeleo, ila una mtikisiko mkubwa zaidi, yaani ungeweza kuwa juu au chini kidogo, na mtikisiko unaweza kuandikwa pembeni ya namba bila kumhamisha mtu ukurasa. Siyo kwamba nimekubali kila kitu. Naomba unitumie orodha ya tarehe ulizokwisha kuzisoma, nami nitazijumlisha mwenyewe.

BintiMvita aliandika:

Nitakutumia leo usiku. Kwa yale ambayo mimi sijayafikia, anza na gazeti la Chicago Defender la kiangazi cha 1921, alipokuwa na St. Louis Giants, kisha uende 1925, alipokuwa Harrisburg akicheza na kuongoza timu kwa wakati mmoja. Na MwanaIndiana bado hajayaondoa maneno yale ya Ty Cobb mweusi kule juu.

MwanaIndiana aliandika:

Nitaongeza Kimondo cha Indiana mbele yake. Kuyafuta yale mengine sitayafuta, kwa sababu waliomwita hivyo walimpenda.