Ushauri: Nina sola iliyounganishwa na gridi, niongeze betri ya ukubwa gani?

Mtafutanuru (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina paneli juu ya bati na inverta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa nyumbani) ya kilowati 5, iliyounganishwa na gridi, yaani laini ya shirika la umeme. Jua likiwa kali inverta inajitoa, inapumzika kidogo, inarudi, inajitoa tena. Kioo chake kinaandika volti zimezidi. Yaani saa zile za kuvuna ndizo ninazopoteza, halafu jua likizama mita inakimbia kwa umeme wa gridi. Nimeambiwa dawa ni betri. Niweke ya ukubwa gani, na ya aina gani? Silali vizuri, hela iliyoingia humo si ndogo. Tafadhali tusitoke nje ya mada, ni betri tu.

Mzee wa Asidi
Karibu kwenye chama. Shemeji yangu alianza na betri za asidi, akawa anazinyonya kila usiku mpaka tone la mwisho. Hazikuona mwaka wa pili. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaichimbia kaburi, nilimwambia, hakusikia. Huyo mtu hasikii chochote, hata harusi yake tulimwambia asubiri. Basi, wewe chukua lithiamu ya chuma na fosfeti. Inavumilia maelfu ya mizunguko, na haishiki moto kirahisi kama zile za nikeli na kobalti.

Hesabu Kwanza
Kabla ya betri tujue volti zinapandia wapi. Inverta haiwezi kusukuma umeme kwenda kwenye gridi mpaka volti zake zizidi kidogo zile za gridi. Kikomo cha kawaida ni 230 na asilimia 10 juu yake, yaani 253. Waya wa kutoka inverta hadi mita una unene gani na urefu gani? Halafu zima inverta, upime volti penye mita.

Shoka Butu
Betri ya ukubwa wa mfuko wako, mkuu. Swali limejibiwa, mods fungeni uzi.

Bi Utaratibu
Mimi nauliza tofauti. Shirika la umeme linajua una mtambo? Watu mnaning'iniza vitu kwenye laini ya umma kama kamba ya kuanikia nguo, kisha mnakuja kuuliza ukubwa wa betri. Laini ile si ya mtu mmoja.

Mtafutanuru
Waya ni wa shaba, milimita za mraba 2.5, kama mita 40 hivi. Volti nilishapima wiki iliyopita, inverta ikiwa imezimwa, penye mita nikasoma 243.
Bi Utaratibu, fomu nilichukua. Fundi alisema tuanze tu, karatasi zitafuata. Na ameshanipandishia kikomo cha volti hadi 270, tangu hapo haijajitoa. Amefunga nyumba nyingi, anajua anachofanya. Turudi kwenye betri.

Jicho la Pembeni
Kumbe inverta haijitoi tena? Sasa uzi huu ni wa nini?

Hesabu Kwanza
Jicho, tutafika huko. Angalieni hesabu kwanza. Kilowati 5 ni karibu ampea 22. Waya wa 2.5, kwenda na kurudi mita 40, una ukinzani wa karibu omu 0.6. Zidisha, unapata volti 13. Jumlisha na 243, unapata 256. Ndiyo maana ilikuwa inajitoa! Weka waya wa milimita za mraba 10, ongezeko linashuka hadi kama volti 3, na shida ya mchana imekwisha bila betri. Hiyo 270 irudishwe leo, kwa sababu inaruhusu volti zinazoweza kuchoma vyombo vyako na vya jirani.

Mipangilio hii mnaiona ni namba tu kwenye kioo, lakini imewahi kutikisa nchi. Ujerumani inverta za sola ziliwekwa zijitoe zote mzunguko wa umeme (mara unazopishana kwa sekunde) ukipanda kidogo juu ya 50 za kawaida na kufika hezi 50.2. Zilipokuwa chache hapakuwa na neno. Zilipofika gigawati kwa gigawati ikaonekana kwamba zikijitoa kwa pamoja zinaweza kuyumbisha gridi ya Ulaya, na kuanzia 2012 ikawa kazi ya kupitia mitambo mmoja mmoja kubadili namba hiyo. Australia Kusini, Septemba 28, 2016, dhoruba iliangusha minara ya laini, mashamba ya upepo yakapunguza nguvu ghafla kwa mpangilio wa kinga ambao waendeshaji wa gridi hawakuujua, jimbo zima likaingia gizani. Mwaka uliofuata wakafunga betri ya Hornsdale, megawati 100, na ikaonyesha kwamba betri inaweza kuushika mzunguko ndani ya sehemu ya sekunde, kabla mtambo wa gesi haujaamka. Nazipenda betri, ndugu zangu. Lakini betri iliyofungwa vibaya ni mzigo kwa gridi ileile uliyotaka kuisaidia.

Jicho la Pembeni
Si sola ndiyo iliyozima Hispania na Ureno?

Hesabu Kwanza
Aprili 28, 2025. Volti zilipanda, mitambo ikajitoa mmoja baada ya mwingine, na kila uliojitoa ukazidi kuzipandisha. Kilichokosekana ni udhibiti wa volti. Inverta inaweza kuufanya ikipangwa hivyo. Hiyo inastahili uzi wake.

Mtafutanuru
Mkuu nashukuru, ila ya Ujerumani ni makubwa kwangu. Niseme tu ukweli, betri imeshafika na imeshafungwa. Kilowati-saa 10. Nimeuliza ukubwa ili nijue kama niongeze ya pili, maana umeme ukikatika inabeba na nyumba ya dada yangu na ya jirani, inaisha kabla ya alfajiri.

Nguzo ya Tisa
Nimefanya kazi ya laini mpaka kustaafu. Mdogo wangu, rudia hapo. Umeme ukikatika, nyumba ya dada yako inapata umeme wako kwa waya gani?

Shoka Butu
Wakuu, hii ni chai. Mwanzo anauliza betri, sasa anayo. Mwanzo inverta inajitoa, sasa haijitoi. Na inverta ya kuungana na gridi hujizima gridi ikikatika. Kiwango cha Marekani cha kuunga mitambo kwenye gridi, IEEE 1547, kinataka ikome ndani ya sekunde 2. Hata ukiilazimisha, mzigo wa mtaa mzima utaiangusha papo hapo. Kilowati 5 kuwasha nyumba tatu kupitia laini ya mtaa? Huyu anauza betri. Subirini, ataleta namba ya simu.

Mzee wa Asidi
Na mimi nilishangaa. Nimeandika maelezo yote yale kumbe naongea na duka.

Jicho la Pembeni
Nimeweka kambi hapa.

Mtafutanuru
Siuzi chochote! Inverta ya sola inajizima kweli, sijakataa. Betri ina inverta yake ya pembeni. Fundi alinitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili, naichomeka kwenye soketi ya ukutani, nyumba inawaka. Meni swichi siizimi, nikiizima dada anabaki gizani na ana mtoto mchanga. Mtaa mzima haubebwi. Sisi watatu tuko mwisho wa laini, na fyuzi yetu ya kwenye nguzo imeungua tangu juzi. Wenzetu wote wanawaka, ni sisi tu. Mngekuwa ninyi mngemwacha dada yenu gizani? Fundi alisema transfoma iko mbali, hakuna hatari.

Nguzo ya Tisa
Shoka, hiyo si chai. Mzigo wa mtaa ungeiangusha, kweli kabisa, lakini fyuzi ikishaungua mtaa haupo tena upande ule. Zimebaki nyumba tatu, na taa za usiku hazizidi nguvu ya inverta. Ndipo hatari ilipo. Anayepanda kubadili fyuzi anajua upande mmoja una umeme na upande wa nyumba umekufa. Utaratibu unamtaka apime pande zote na kufunga waya wa ardhi kabla ya kugusa. Sasa weka giza, mvua, na simu za wateja wanaogomba.

Nimewahi kumshusha mwenzangu kwa kamba kutoka juu ya nguzo. Ilikuwa jenereta ya nyumba moja, mwenyewe hakuzima meni swichi. Aliishi, ila mkono wake haukurudi kazini. Kwa hiyo mtu akiniambia hakuna hatari, nakaa kimya kwanza ili nisimtukane.

Hata akifaulu kurudisha fyuzi, umeme wa gridi na wako utakutana bila kuendana, na inverta inaweza kuungua ikiwa karibu na betri. Na plagi ile ikichomoka pini zake ziko wazi na zina volti 230, kwenye nyumba yenye watoto. Nijibu moja tu: fyuzi imeshabadilishwa?

Mtafutanuru
Bado. Wamesema wanakuja leo jioni.

Nguzo ya Tisa
Zima inverta ya betri sasa hivi. Ikishazima ndipo uchomoe plagi, usianze na plagi. Halafu meni swichi chini. Halafu piga simu ya dharura ya shirika, waambie kwenye laini hiyo kuna chanzo cha pili.

Bi Utaratibu
Ndiyo maana niliuliza kibali. Mtambo wako ungekuwa umeandikwa, wangekuja wakijua.

Mtafutanuru
Nimezima. Nimechomoa. Dada ameshapiga simu kuuliza kulikoni. Nimepigia shirika, wamechukua maelezo. Lakini jamani, nisipoweza kumpa dada umeme, betri yote hii ni ya nini?

Hesabu Kwanza
Ni ya kwako, kwa njia safi. Weka chenjiova: ikishika betri imeachia gridi, ikishika gridi imeachia betri, haiwezi kushika zote mbili. Mchana betri ichajiwe kwa sola, umeme unaosukuma nje upungue, na volti zitatulia zaidi. Dada mnunulie betri ndogo ya kubebeka na taa zake. Wazo la nyumba tatu kubebana gridi ikianguka ni zuri kuliko unavyojua. Mitambo ya namna hiyo ipo na inafanya kazi, lakini inakuwa na swichi inayokitenga kipande hicho na laini nyingine, na shirika linajua ilipo na nani anaishika. Hilo liombe kwa maandishi. Plagi ya pande mbili ikatwe.

Shoka Butu
Naondoa neno chai. Mkuu, leta mrejesho wakishafika.

Nguzo ya Tisa
Na usiwasubiri ndani. Simu yako inaweza isiwafikie walioko barabarani. Toka, ukae chini ya nguzo, umwambie anayepanda kabla hajaweka ngazi. Mpeleke mpaka kwenye betri aione imezimwa kwa macho yake. Atakugombeza. Mwache agombe.