Tupeane uzoefu: uwezekano ulikuingia lini kichwani?

Mtoa mada (Mwanga, Kigoma)
Wakuu, nipo mwaka wa pili takwimu, nimerudi nyumbani likizo. Mwaka wa kwanza tulipewa zoezi tutunge mfano wa kwetu. Nikaandika: kama mtumbwi unakosa dagaa siku moja kati ya tano, kukosa siku mbili mfululizo ni 1/5 × 1/5, yaani 1/25. Nikajiona mtaalamu, nikampelekea mjomba, ana mtumbwi wake Kibirizi.

Hakufika hata mstari wa pili. "Mwezi ukoje?"

Nikamwambia swali halina mwezi. Akacheka mpaka akaweka chini kikombe. Mbalamwezi ikiwaka, taa zetu hazivuti kitu, na mwezi wa leo kesho haujaenda popote. "Tunaanika nyavu siku nne, tano. Wewe unaniletea moja kati ya ishirini na tano!"

Nilikuwa nimeikariri kanuni ya kuzidisha, sikuwa nimeielewa. Kuzidisha kavukavu vile ni kwa matukio huru tu. Yakitegemeana, unachukua uwezekano wa la kwanza, unazidisha kwa uwezekano wa la pili *ukiwa umeshajua la kwanza limetokea*. Sarafu ya mia mbili haikumbuki kwamba jana iliangukia simba mara tano. Ziwa linakumbuka.

Nyie je?

Mkeka Umechanika
Mimi nilifundishwa na kubeti, sijivunii. Timu kumi, kila moja naipa asilimia 70 ya kushinda. Nikatamba geto kwamba mkeka huu asilimia 70 ni wangu. Jamaa mmoja akatoa simu, akazidisha 0.7 kwa 0.7 kwa 0.7 mpaka zikatimia kumi: 0.028. Haifiki hata asilimia 3! Nikamwita mchawi. Mechi ya nne tu, kwisha habari.

Embe Dodo (Tabora)
Mama mdogo alikuwa anauza embe stesheni kwa abiria wa treni za Kigoma na Mwanza. Chukulia ndoo ina embe kumi, tatu zimeoza kwa ndani. Abiria anachomoa mbili dirishani, hana muda wa kubonyeza, treni inaondoka. Uwezekano wa kupata angalau moja mbovu?

Nilienda njia ndefu: nzima kisha mbovu, mbovu kisha nzima… ile ya mbovu zote mbili nikaisahau. Ukiona "angalau moja", geuza swali. Zote mbili nzima ni 7/10 × 6/9, sawa na 42/90. Toa kwenye 1, unabaki na 48/90. Zaidi ya nusu! Na angalieni hiyo 6/9: embe ya kwanza hairudi ndooni, kwa hiyo zilizobaki ni tisa.

Nilipomwambia, akasema ndiyo maana treni ya kurudi alikuwa haisogelei.

Ree ya Kopa
Yangu fupi. Karata 52, uwezekano wa kutoa kopa au ree. Nikajumlisha 13 + 4, nikaandika 17/52. Ni 16/52. Angalieni jina langu mtajua ipi niliihesabu mara mbili. Mtihani wa mwisho huo.

Mtoa mada
@Embe Dodo, mfano wa ndoo nauiba. Ila mjomba kausoma hapa begani kwangu, ana swali: kama zilikuwa zimeoza kwa ndani, mama mdogo alijuaje ni tatu?