Tuliosoma boarding za wavulana, tupeane uzoefu wa maisha ya bwenini

Njuka Mstaafu: Wakuu habari zenu. Leo nimeenda kumnunulia dogo tranka maana January anaripoti form one, fundi alivyoligonga lile bati nikasisimka mwili mzima. Bweni letu lilikuwa na dabodeka 40, bomba moja nje na maji yanatoka alfajiri tu. Nilikuwa nachota ndoo 3, ya kaka wa bed ya chini, ya kiranja, halafu yangu, na ikifika zamu ya yangu maji yamekata. Ila huyo kaka ndiye aliyenielewesha hesabu. Tiririkeni.

Mzee wa Makande: Ndoo ya kiranja!! Umenikumbusha mbali sana mkuu

Bed ya Juu: Mimi hayo siyakumbuki kwa uzuri. Niliamshwa saa 8 usiku nikachapwa mkanda kisa sijafua soksi za mtu.

Chuma: Ndio ilitukomaza hiyo kaka

Bed ya Juu: Kukomaza nini, nimekojoa kitandani mpaka form three. Usiniambie habari za kukomaa.

Mtoto wa Bwalo: Mimi ngoja niseme la kwangu, sijawahi kuliandika popote. Tunakaribia mtihani wa form four, taa zinazimwa saa 4, watu wanapiga msuli na mshumaa chini ya kitanda, shuka limeshushwa pembeni patroni asione mwanga. Jamaa yangu wa bed ya chini akapitiwa na usingizi. Mimi juu nikasikia joto mgongoni, nikajua homa, mara ule moshi mweusi wa godoro la sponji unakaba koo, nikaruka nikatua kwenye tranka la mtu mguu ukateguka. Madirisha yote nondo. Mlango umepigwa kufuli kwa nje kwa ajili ya watoro. Tunasukumana gizani, tunapiga kelele, mlinzi anadhani tunagombana. Majamaa wakabeba dabodeka zima wakaugonga nalo mlango, mara ya tatu bawaba zikaachia. Na waliouzima moto ni njuka, wale wageni wa form one, ndio waliokuwa na ndoo za maji uvunguni. Hakufa mtu ila jamaa aliungua mkono wa kulia na mtihani bado wiki 3.

Mzee wa Makande: Dah. Mungu mkubwa

Kijana wa Machakos: Huku kwetu Kenya, shule ya Kyanguli, 2001 vijana 67 waliteketea bwenini, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana vyuma. Nikisoma habari za kufuli la nje nashikwa na hasira mpaka leo.

Mwalimu Mstaafu: Nimekuwa patroni miaka 9. Usipofunga wanaenda disko, mmoja akigongwa na gari huko mzazi anakuja kwako wewe. Semeni yote.

Bed ya Juu: Shikamoo mwalimu. Sasa si ufunguo ukae ndani kwa kiranja? Mtoro anapigwa adhabu kesho yake anakuwepo. Aliyeungua je?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Kiranja ndiye alikuwa anaongoza kutoroka.

Chuma: Turudi kwa dogo jamani. Kufuli 2, na tochi ya sola, mshumaa asiushike kabisa. Sukari kidogo tu, itaisha siku ya kwanza.

Mzee wa Makande: Sukari mpe nyingi agawe, atapata watu wa kumlinda. Na kandambili mnunulie za rangi mbili, kushoto nyekundu kulia bluu, hakuna mwizi atazitaka

Njuka Mstaafu: Asanteni. Mtoto wa Bwalo, huyo jamaa mtihani alifanya?

Mtoto wa Bwalo: Alifanya. Kalamu tuliifunga kwa lastiki kwenye vidole viwili vilivyobaki nje ya bendeji. Kila akitoka chumba cha mtihani shati limelowa jasho, ananiita nimfungue vifungo, halafu nalifua mimi, mpaka siku tunaondoka.